Kompyuta ni yetu, lakini msimamizi ni mpwa aliyehamia Dodoma

SWALI

Kaka mshauri, habari za kazi. Naandika kutoka Ujiji, Kigoma. Naomba unijibu kwa kina, maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake na hakuna mawili yanayofanana.

Tuna kompyuta ya nyumbani aina ya HP EliteBook 840 G5. Tuliinunua ikiwa imetumika. RAM yake ni GB 8, diski ni SSD ya GB 256, na ndani kuna Windows 11 Pro. Aliyeiandaa ni mpwa wangu, mtoto wa kaka, wakati akiishi hapa kwetu. Yeye alijiweka msimamizi, sisi wengine akatufungulia akaunti moja ya kawaida inayoitwa NYUMBANI ili watoto wasije wakajaza vitu vya hovyo. Sasa yuko Dodoma kikazi. Neno la siri hana, kwa sababu alizoea kuingia kwa PIN, na PIN nayo haikumbuki. Laini ya simu aliyokuwa akiitumia wakati ule haipo hewani siku nyingi.

Kwenye NYUMBANI tunaingia bila shida. Shida ilianza niliponunua printa. Nikibofya programu ya kuweka draiva yake, skrini inafifia, kinatokea kisanduku chenye jina la mpwa na nafasi ya kuandika PIN au neno la siri. Bila hilo hakuna kinachoendelea. Watoto walikisia PIN mara kadhaa mpaka kompyuta ikawaambia waandike A1B2C3 kwanza. Hapo nikawazuia.

Humo ndani kuna hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, zote ziko kwenye Excel, kuna picha za familia, na mitihani ninayowachapia walimu. Fundi mmoja wa Mwanga amesema dawa ni kupiga Windows upya kwa shilingi 30,000, na kila kitu kitafutika. Kijana wa jirani anasema ipo video inayoonyesha jinsi ya kubadilisha jina la faili fulani la Windows ukaingia bila kufuta chochote. Mdogo wangu naye anasema tuitoe diski tuichomeke kwenye kompyuta nyingine, tunyofoe mafaili. Nimfuate nani? Na nikifanikiwa, niifute akaunti ya mpwa?

Mama wa Ujiji

JIBU

Dada, kwa leo usimfuate hata mmoja kati ya hao watatu. Wote wameanza kufikiria namna ya kuvunja kufuli, na mafaili yako hayapo nyuma ya kufuli hilo. Akaunti ya kawaida hukuzuia kuweka programu na draiva, kubadilisha mipangilio ya kompyuta nzima na kufungua folda za watu wengine. Haikuzuii kunakili vitu vyako mwenyewe. Hesabu za kikundi, picha na mitihani, kama mlivihifadhi mkiwa ndani ya NYUMBANI, unaweza kuvitoa leo hii bila neno la siri la mtu yeyote.

Anza hapo, kabla ya kumpigia mpwa simu na kabla ya kumwona fundi. Ukishavitoa, njia zote zinazofuata ni usumbufu tu. Usipovitoa, mojawapo inaweza kuwa msiba.

Fungua File Explorer, ingia diski C, folda ya “Users”, kisha folda ya NYUMBANI. Wakati mwingine folda hiyo ina jina lililofupishwa, usishtuke. Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Properties”, usome ukubwa wake. Kama ni GB 40, tafuta flashi ya GB 64. Nakili “Desktop”, “Documents”, “Downloads”, “Pictures” na “Videos”. Halafu angalia kama kuna folda iliyoundwa moja kwa moja juu ya diski C, nje ya “Users”. Watu wengi huweka kazi zao hapo na kuzisahau.

Mambo matatu huharibu hatua hii. La kwanza ni flashi za uongo. Flashi inayotangaza TB 1 kwa bei ya flashi ya kawaida mara nyingi ina uwezo mdogo uliobandikwa namba kubwa. Inapokea kila unachoipa bila kulalamika, lakini vilivyozidi uwezo wake halisi havifunguki tena. Kwa hiyo usiishie kuona majina ya mafaili. Chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine, ufungue mafaili kadhaa, hasa yale ya mwisho kunakiliwa. La pili ni mafaili makubwa kuliko GB 4, mathalani video ya harusi. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haiyapokei. Kama flashi ni tupu, ifomati kwa exFAT kabla hujaanza. La tatu ni OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Ukiona alama ya wingu pembeni ya jina la faili, faili hilo halimo kwenye kompyuta, liko mtandaoni. Washa intaneti, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua “Always keep on this device”, usubiri alama ya wingu igeuke tiki ya kijani, ndipo unakili. Hesabu za kikundi ziweke sehemu mbili, maana fedha hizo si zako peke yako.

Sasa tuangalie kufuli lenyewe ni la aina gani, kwa sababu dawa inategemea hilo.

Kisanduku chako kinaonyesha jina la mpwa na nafasi ya kuandika. Hiyo ni habari njema: akaunti ya msimamizi ipo na inafanya kazi, kilichopotea ni neno la siri tu. Kungekuwa na kisanduku chenye kitufe cha “Yes” kilichofifia kisichobonyezeka, maana yake ingekuwa kwamba hakuna msimamizi aliyebaki, na hilo ni tatizo jingine. Ukitaka uhakika zaidi, fungua “Command Prompt” kwa njia ya kawaida na uandike net localgroup administrators. Amri hiyo haihitaji ruhusa na haibadilishi kitu, inaorodhesha tu wasimamizi waliopo. Utamwona mpwa, na utaona Administrator, yaani akaunti inayokuja na Windows yenyewe. Hiyo ya pili usiitegemee, huwa imezimwa tangu kompyuta inapoandaliwa.

Toka kwenye NYUMBANI urudi skrini ya kuingilia. Chagua jina la mpwa. Kikitokea kisanduku cha PIN, bofya “Sign-in options” na uchague alama ya ufunguo ili upate nafasi ya neno la siri. Andika neno lolote la uongo mara moja tu. Chini yake patatokea moja kati ya haya. Ukiona “I forgot my password”, mpwa aliingia kwa akaunti ya Microsoft, ile ya barua pepe. Ukiona “Reset password”, akaunti yake ni ya humo humo kwenye kompyuta, na huenda aliweka maswali ya usalama. Usipoona chochote zaidi ya maneno ya kumkumbusha, ni akaunti ya humo humo isiyo na maswali. Alama ya ufunguo isipokuwepo kabisa, kompyuta imewekwa kukubali PIN tu kwa akaunti za Microsoft, na utafuata “I forgot my PIN”.

Watoto waache kukisia. Kule kuandika A1B2C3 ni onyo la kwanza. PIN ikiendelea kukosewa kompyuta hudai kuzimwa na kuwashwa kabla ya kukubali jaribio jingine. Kwa neno la siri, Windows 11 iliyowekwa upya kuanzia toleo la 22H2 hufunga akaunti kwa dakika 10 mtu akikosea mara 10 ndani ya dakika 10.

Kitu cha mwisho cha kuangalia ni diski. Ndani ya “This PC”, tazama picha ya diski C kama ina alama ndogo ya kufuli. Ikiwepo, diski imesimbwa kwa BitLocker, yaani Windows imevifumba vyote vilivyomo visisomeke bila ufunguo, na hapa ndipo mapendekezo ya jirani na mdogo wako yanapokwama. Diski iliyosimbwa ukiitoa na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine itadai ufunguo wa kurejesha, wenye tarakimu 48. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20 na bado tunaikosea, kwa hiyo usiwaze kuukisia. Ile njia ya video nayo inaanza kwa kuwasha kompyuta nje ya Windows na kugusa mafaili ya mfumo, na ufunguo ni ule ule utakaotakiwa. Hata diski isiposimbwa siipendekezi. Programu ya ulinzi ya Windows huitambua hila hiyo na kuizuia, neno la siri la akaunti ya Microsoft halibadilishwi kwa amri zinazoonyeshwa mle, na faili la mfumo lililobadilishwa jina likiachwa hivyo huwa ni mlango wazi kwa yeyote atakayeshika kompyuta hiyo. Programu za bure zinazodai kufungua kompyuta kwa dakika moja sizizungumzii.

Kama alama ya kufuli ipo, basi mpaka upate ufunguo huo mtu asiingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayotangulia Windows, kubadilisha “Secure Boot”, asifute TPM, ile chipu ya usalama, wala asisasishe BIOS. Mabadiliko hayo yanaweza kuifanya kompyuta idai tarakimu 48 hata kwa wewe uliyekuwa ukiingia NYUMBANI kila siku bila tatizo.

Kwa maelezo yako, ninaona dalili zote za akaunti ya Microsoft, kwa hiyo hapa nitakaa zaidi.

Mpwa hana haja ya kukata tiketi ya treni. Akiwa huko huko Dodoma afungue account.live.com/password/reset kwenye simu yake, aandike barua pepe aliyotumia kuandaa kompyuta. Ukurasa utamwonyesha mahali anapoweza kutumiwa namba ya uthibitisho: barua pepe nyingine, au simu iliyofichwa isipokuwa tarakimu mbili za mwisho. Kama tarakimu hizo ni za laini iliyopotea, asikate tamaa mapema. Apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Laini hiyo ikiwa bado ni yake, aende duka la mtandao husika na namba yake ya NIDA, aweke alama za vidole, arudishiwe laini. Lazima aende mwenyewe. Wewe huwezi kumrudishia ukiwa Kigoma hata ungekuwa na kopi ya kitambulisho. Kama kampuni imeshampa mtu mwingine namba hiyo, njia hii imefungwa.

Ikifungwa, ipo fomu ya kurejesha akaunti, account.live.com/acsr. Na fomu hii ni afadhali ijazwe kwenye kompyuta yako hapo Ujiji, ndani ya NYUMBANI, huku mpwa akiwa kwenye simu anakutajia majibu. Microsoft hupima kama ombi linatoka kwenye kifaa na eneo ambalo akaunti ilizoea kutumika, na kifaa hicho ndicho hicho. Ataulizwa maneno ya siri ya zamani anayoyakumbuka, watu aliowaandikia barua pepe, vichwa vya barua alizotuma. Ajaze kila anachokumbuka hata kama hana hakika. Itahitajika pia barua pepe nyingine inayofanya kazi ya kupokelea majibu, ambayo kwa kawaida huja ndani ya saa 24. Fomu hutumwa mara mbili tu kwa siku, si zaidi. Kama aliwahi kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, fomu hii haifanyi kazi, msipoteze muda nayo. Na akiamua kubadilisha namba na barua pepe zote za usalama kwa mkupuo bila kuwa na hata moja ya zamani, atasubiri siku 30. Ni kero, lakini ndiyo inayomzuia mwizi naye asifanye hivyo hivyo.

Akifanikiwa kuingia, jambo la kwanza kabisa aende account.microsoft.com/devices/recoverykey. Hapo ndipo ufunguo wa BitLocker wa kompyuta hiyo huwa umehifadhiwa. Ataona labda zaidi ya mmoja, kila mmoja na kitambulisho chake. Akutumie yote pamoja na vitambulisho vyake, uinakili kwa kalamu. Kompyuta ikidai ufunguo siku moja, itaonyesha kitambulisho kwenye skrini, utalinganisha herufi 8 za mwanzo ujue ni upi. Picha ya skrini iliyobaki WhatsApp haitoshi, simu nazo hupotea.

Kisha abadilishe neno la siri, aweke la muda, akutajie. Kwenye kompyuta, ukiwa skrini ya kuingilia, bofya alama ya mtandao pembeni kulia chini na uiunganishe na hotspoti ya simu yako. Wengi hukwama hapa. Kompyuta isiyo na intaneti haijui kwamba neno la siri limebadilika, itaendelea kudai lile la zamani, na mtadhani mpwa amekutajia sivyo. Ingia kwenye akaunti yake, nenda “Settings”, “Accounts”, “Other users”, chagua NYUMBANI, bofya “Change account type” na uchague “Administrator”. Dakika mbili kazi imekwisha. Mwambie sasa aweke neno lake jipya ambalo wewe hulijui, maana barua pepe ni yake.

Kama kumbe akaunti yake ni ya humo humo kwenye kompyuta, mambo ni mafupi. Kama aliweka maswali ya usalama, kwenye “Reset password” yatatokea matatu, mpwa akutajie majibu kwenye simu, mweke neno jipya. Muulize pia kama aliwahi kutengeneza flashi ya kubadilishia neno la siri. Ina faili linaloitwa userkey.psw, na inafanya kazi hata kama alibadilisha neno baadaye. Pasipokuwa na maswali wala flashi, hakuna mlango halali uliobaki isipokuwa kuanza upya.

Na kuanza upya si kifo, mradi mafaili yameshatoka. Hapo hata fundi wako wa Mwanga yuko sahihi. Lakini kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe bila flashi ya Windows. Kwanza ingia “Settings”, “System”, “Activation”, uone kama imeandikwa kwamba Windows imewezeshwa kwa leseni ya kidijitali, uipige picha. Leseni hiyo imefungamana na bodi ya kompyuta yako. Ukiweka tena Windows 11 Pro itajiwezesha yenyewe ikipata intaneti, na ukiulizwa namba ya bidhaa unachagua “I don't have a product key”. Nalisema hili kwa sababu mafundi wengine, kwa mazoea tu, huweka Windows na kuiongezea programu ya kuiwezesha kwa magendo. Kompyuta yako haihitaji kitu hicho, na mara nyingi ndicho kinacholeta virusi. Ukimpa fundi kazi, mwambie hivyo kabla hajaanza, na angalia asikuwekee Home au Enterprise, aina nyingine za Windows, mahali pa Pro.

Chomeka chaja. Skrini ya kuingilia, shikilia kitufe cha Shift, bofya alama ya kuzimia, chagua “Restart” huku bado umeshikilia Shift. Itakuja skrini ya buluu. Chagua “Troubleshoot”, “Reset this PC”. Hapa kuna mtego. “Keep my files” inavutia, lakini inabakiza akaunti zilizopo na maneno yake ya siri, kwa hiyo utapoteza programu zako zote na msimamizi atabaki mpwa. Kwa tatizo lako chaguo ni “Remove everything”. Halafu “Local reinstall”, isiyokula bando, badala ya “Cloud download” inayopakua GB kadhaa. Ukiulizwa kama usafishe diski yote, chagua “Just remove my files”. Ile nyingine ni ya mtu anayeuza kompyuta, na inaweza kuchukua saa nyingi. Umeme ukikatika usiguse kitu, betri iendelee. Kama betri ya kompyuta yenyewe haikai hata nusu saa, fanya kazi hii mahali penye jenereta au sola, kwa sababu kuzimika katikati ndiko kunakoacha kompyuta isiyowaka.

Ikikataa, au ikidai ufunguo wa BitLocker ambao hamkuupata, ndipo flashi inapohitajika. Kwenye kompyuta nyingine, pakua Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft. Flashi iwe na angalau GB 8, na jua kwamba vyote vilivyomo vinafutika. Narudia kwa herufi kubwa, kwa kuwa hutokea: USITUMIE FLASHI ULIYOHIFADHIA MAFAILI. Tenga bando la zaidi ya GB 5. Kwenye HP yako, zima, washa huku ukigonga Esc mfululizo, menyu ikija bonyeza F9, chagua flashi. Kwa wasomaji wenye Dell au Lenovo, mara nyingi ni F12. Fuata maelekezo mpaka sehemu ya diski, futa vipande vya diski ya GB 256, uache nafasi tupu, uendelee. Ufunguo wa tarakimu 48 hauhitajiki hapo, kwa sababu hufungui kilichosimbwa, unakifuta. Soma ukubwa wa diski kabla ya kufuta, flashi nayo huonekana kwenye orodha hiyo.

Kwa kuwa kompyuta ilishatumika kabla yenu, kuna jambo la kuwaambia na wasomaji wengine. Baadhi ya kompyuta za mitumba zilikuwa za makampuni na bado zimesajiliwa kwao. Ukizianzisha upya na kuziunganisha intaneti, zinakukaribisha kwa jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazi. Hilo halitoki kwa kupiga Windows hata mara kumi. Anayeweza kuliondoa ni kampuni yenyewe, kwa hiyo rudi kwa aliyekuuzia ukiwa na risiti. Yako, kama mpwa aliiandaa kwa barua pepe yake binafsi ikiwa na intaneti, ilishavuka kikwazo hicho. Ikiwa ni neno la siri la BIOS ndilo linalogoma, kwa kompyuta za HP za kiofisi kama hiyo, kung'oa betri ndogo ya ndani hakusaidii. Usikubali kulipia kazi hiyo.

Ukishaanza upya, akaunti ya kwanza unayofungua ndiyo msimamizi. Tumia barua pepe yako, namba yako ya simu unayoitumia kila siku, na uongeze barua pepe ya pili ya mtu unayemwamini. Kisha fungua NYUMBANI nyingine ya kawaida kwa ajili ya watoto na kazi za kila siku. Mpwa hakukosea kuwatenga na usimamizi, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Alichokosea ni kuacha ufunguo mmoja kwa mtu mmoja. Kwa hiyo hata kama mtafanikiwa kwa njia ya kwanza na NYUMBANI ikawa msimamizi, usiiache hivyo. Fungua akaunti yako binafsi, ifanye ya msimamizi, uirudishe NYUMBANI kuwa ya kawaida. Karatasi ya tarakimu 48 iweke kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa na hati za nyumba.

Wakati unasubiri majibu ya Microsoft, kazi za walimu zisilale. Hifadhi mitihani kwa PDF ukachapishe stesheneri. Programu za Microsoft Store nyingi huwekwa bila ruhusa ya msimamizi. Draiva ya printa itasubiri. Na siku ya kuiweka, usichomeke waya wa USB mpaka programu yenyewe ikuambie uchomeke, la sivyo Windows inaweza kuitambua nusu nusu ikakosa sehemu ya kuskani.

Kuhusu kufuta akaunti ya mpwa: bado. Ukibofya “Remove” kwenye akaunti yake, Windows itakuambia wazi kwamba inafuta akaunti pamoja na data, yaani “Desktop” yake, “Documents” zake na picha zake, na haviendi kwenye pipa la taka. Ibadilishe kwanza iwe “Standard User”. Akija likizo aingie mwenyewe, achukue vyake, halafu muifute mkiwa pamoja. Kama mlilazimika kuanza upya, vitu vyake vitapotea pamoja na Windows ya zamani, kwa hiyo kabla ya kubofya “Remove everything” mpigie simu umuulize kama ana kitu humo. Akisema anacho na diski haijasimbwa, hiyo ndiyo kazi ya kumpa fundi: kukitoa kwa kuwasha kompyuta kwa flashi ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Ikiwa imesimbwa, hakitoki bila zile tarakimu 48, naye atakuwa na sababu ya kuihangaikia ile fomu kwa bidii zaidi.